Kupona Si Alama za Mtihani

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii naiona ikifaa mno tunapozungumzia wagonjwa wa akili na jinsi nafuu yao inavyopimwa.

Kwa miaka mingi, daktari ndiye aliyekuwa mpimaji wa pekee. Aliuliza kama mgonjwa bado anasikia sauti wasizozisikia wenzake, kama analala, kama anameza dawa. Dalili zikipungua, aliandika kwamba mtu amepona. Maswali hayo ni ya lazima, wala siyabezi. Lakini mtu aweza kuondokewa na sauti hizo na bado akashinda chumbani, hana rafiki, hana kazi, wala haoni sababu ya kuamka kesho. Je, huyo amepona?

Mwaka 1993, mtaalamu wa Marekani, William Anthony, alieleza kwamba kupona ni kuishi maisha yenye kuridhisha na matumaini, hata pale ugonjwa unapomwekea mtu mipaka. Mwaka 2009, nchini Uingereza, ilichapishwa hojaji ya kauli 22, baadaye zikapunguzwa hadi 15, iliyotungwa pamoja na watu waliowahi kuugua. Mgonjwa hujaza mwenyewe, na kila jibu lina alama 0 hadi 4. Mnamo 2011, watafiti wa London walipitia makala 97 wakabainisha nguzo tano za kupona: kuwa na watu, matumaini, kujitambua upya, kuona maana ya maisha na kujiamulia mambo.

Hapa ndipo nasi walimu tunapoguswa, kwani tunajua jinsi jumla ya alama inavyoficha mengi. Watu wawili waweza kupata 30 kati ya 60, mmoja ana matumaini bila rafiki, mwingine ana marafiki bila matumaini. Kuwaweka daraja moja ni kuwadhulumu wote wawili. Hojaji na ifungue mazungumzo; isigeuzwe mizani ya kumnyima mtu huduma eti kwa kuwa amefaulu.

Basi mwanafunzi arejeapo darasani kutoka hospitali, tusitosheke na barua ya daktari, wala tusimkabili kwa swali la "Umepona kabisa?" Tumwulize kwa upole ni lipi limemrudia, ni lipi bado, na angependa tumsaidie vipi. Kisha tumsikilize, maana kitanda hicho alikilalia yeye.