Mvua Ilitukalisha Pamoja

Julai iliyopita tulifunga safari ya gari, mume na mke, kutoka Minneapolis hadi Chicago, kilomita zipatazo 650, tukikatiza Wisconsin. Tangu kitinda mimba wetu aondoke nyumbani, mazungumzo yetu yalikuwa bili na zamu za kazi tu.

Tulikusudia kupanda jengo la Willis Tower, lenye ghorofa 110, tulitazame Ziwa Michigan. Loo! Mvua ilinyesha kutwa, kilele kikamezwa na mawingu. Tukabaki garini na chupa yetu ya chai, kimya. Ndipo baba watoto akauliza polepole, “Mama, umenichoka?”

Tulilia, tukasameheana. Ziwa hatukuliona, lakini tulionana.

Mama mpendwa, usingoje mvua. Leo jioni zima televisheni, mimina chai, umwulize mwenzio habari za moyo wake.