Saa ya Setilaiti na Saa ya Kiswahili: Usahihi wa Wakati katika Delta ya Rufiji

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna vipokezi vya setilaiti vya bendi nyingi vinavyopima wakati. Vipokezi hivyo, ambavyo awali vilikuwa vya maabara na wapima ardhi, sasa hununuliwa pia na watu binafsi wanaopenda upimaji wa wakati. Hoja kuu ni kwamba usahihi wa chombo haumfai mtumiaji iwapo wakati wenyewe unatajwa kwa utata. Mfano unatolewa katika delta ya Rufiji, wilayani Kibiti.

2.0 Wakati Utokao Angani

Setilaiti za urambazaji, ziwe za GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya au BeiDou ya Uchina, hubeba saa za atomiki na kutangaza wakati kwa mawimbi ya redio. Wimbi husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Likipita katika ayonosfia, tabaka la juu la angahewa lenye chembe za umeme, huchelewa. Kipokezi cha bendi moja hukisia tu ucheleweshaji huo. Kwa kuwa masafa ya chini huchelewa zaidi kuliko ya juu, kipokezi cha bendi mbili hulinganisha, kwa mfano, megahezi 1575.42 na 1176.45, kisha hukokotoa ucheleweshaji kutokana na tofauti iliyopo. Jambo hili lina uzito katika nchi za tropiki, Tanzania ikiwamo, ambako tabaka hilo hubadilikabadilika sana, hasa baada ya jua kuchwa.

3.0 Wakati Utajwao na Lugha

Wakati wa kimataifa ukishapatikana, Tanzania huongeza saa 3. Msemaji wa Kiswahili naye huhesabu saa za mchana kuanzia mapambazuko na za usiku kuanzia machweo, hivyo 03:00 ya jedwali kwake ni saa tisa usiku. Anayeisoma kuwa saa tatu, yaani 09:00, hukosea kwa saa 6 kamili.

Katika delta, kosa hilo si dogo. Kutoka maji kujaa hadi kupwa hupita takriban saa 6 na dakika 12. Kwa hiyo msomaji huyo hufika mlangoni mwa mto maji yakiwa yamekupwa badala ya kujaa. Na wakati wa bamvua, mashua itokayo Nyamisati inaweza kukwama topeni kati ya mikoko. Mvuvi mzoefu huepuka hatari hiyo, kwani hufuata mwezi na maji yenyewe. Anayehatarika ni mgeni mwenye chombo sahihi na usomaji usio sahihi.

4.0 Hitimisho

Neno *saa* hutaja chombo, kipimo na wakati wa siku. Utata huo hauondolewi na saa ya atomiki. Hivyo basi, majedwali ya maji yanayokusudiwa wasomaji wa Kiswahili yafaa yaandike kwa ukamilifu: saa tisa usiku (03:00). Nanosekunde ni kazi ya kipokezi. Saa 6 ni kazi ya lugha.