Kudhoofu kwa mwili: Hatari inayoanza kabla ya uzee

MKAZI wa Chang'ombe mwenye umri wa miaka 55 anapoanza kutembea polepole, kuchoka mapema na kupungua uzito bila kukusudia, jamaa zake mara nyingi husema kuwa huo ni uzee tu. Kauli hiyo huonekana ya kawaida, lakini tafiti za zaidi ya miaka 20 zinaonyesha kuwa inaweza kuficha hatari ya kifo ambayo ingeweza kupunguzwa.

Wataalamu wa afya ya wazee huitambua hali hiyo kuwa ni kudhoofu kwa mwili. Si ugonjwa mmoja, wala si umri wenyewe. Ni kupungua kwa akiba ya nguvu ambayo mwili huitumia unapopatwa na msukosuko. Watu wawili wenye umri wa miaka 65 wanaweza kuugua malaria wiki moja. Mmoja akarejea kwenye shughuli zake baada ya siku chache, mwingine akashindwa kuinuka kitandani kwa mwezi mzima. Tofauti yao haimo katika malaria, bali katika akiba hiyo.

Mwaka 2001, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Linda Fried walichapisha kipimo chenye dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu wa kudumu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa amedhoofu, na mwenye moja au mbili huwa njiani kuelekea huko.

Utafiti huo uliwahusisha watu zaidi ya 5,300 wenye umri wa miaka 65 na kuendelea. Baada ya miaka saba, asilimia 43 ya waliokuwa wamedhoofu walikuwa wamefariki dunia, ikilinganishwa na asilimia 12 ya wale ambao hawakuwa na dalili hata moja.

Hata hivyo, hali hiyo haisubiri uzee. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watu karibu 494,000 wa Uingereza wenye umri wa kati ya miaka 37 na 73. Asilimia 3 walikuwa wamedhoofu na asilimia 38 walikuwa njiani. Karibu katika makundi yote ya umri, waliodhoofu walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufariki, hata baada ya kuzingatiwa idadi ya magonjwa waliyokuwa nayo.

Nchini Tanzania, suala hilo limechunguzwa zaidi vijijini. Mwaka 2017, watafiti wa Tanzania na Uingereza waliwapima watu zaidi ya 1,200 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea katika vijiji vitano vya Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa kutumia kipimo kifupi kilichoandaliwa kwa mazingira ya nchi hii. Kipimo cha aina hiyo kinaweza kutumiwa hata na mhudumu wa afya asiye bingwa wa magonjwa ya wazee.

Maisha ya jijini yana hatari zake. Utafiti wa kiharusi uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kuwa, baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takriban 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, wakati Dar es Salaam ilikuwa na takriban 316. Kiharusi, shinikizo la damu na kisukari ni miongoni mwa maradhi yanayomaliza akiba ya nguvu mapema, kabla mtu hajafikisha umri wa kustaafu.

Hapo ndipo penye tatizo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Mpaka huo unafaa kwa kupanga huduma, lakini mwili haufuati kalenda ya sera. Mfanyakazi wa kiwandani Chang'ombe aliyeanza kudhoofu akiwa na miaka 50 anaweza kufika dirisha la wazee akiwa amekwisha kupoteza nguvu ambazo ni vigumu kuzirejesha.

Habari njema ni kwamba hali hiyo inaweza kucheleweshwa, na wakati mwingine kurudishwa nyuma. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014, uliohusisha watu 1,635 wenye umri wa miaka 70 hadi 89, ulionyesha kuwa mazoezi ya kutembea, ya nguvu na ya mizani ya mwili yalipunguza kwa asilimia 18 hatari ya kupoteza uwezo wa kutembea mita 400.

Mazoezi hayo hayahitaji ukumbi wa kulipia. Kuinuka kwenye kiti na kuketi tena bila kujishika kwa mikono huimarisha misuli ya mapaja, ambayo ndiyo humzuia mtu asianguke. Aidha, misuli huhitaji chakula cha kuijenga kama maharage, kunde, dagaa na mayai. Chai na mkate pekee, mlo ambao wazee wengi huridhika nao, havitoshi.

Tahadhari moja ni muhimu. Kupungua uzito bila sababu kunaweza pia kuashiria kifua kikuu, kisukari, saratani au maambukizi ya virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupimwa katika kituo cha afya kilicho karibu, si kuanza mazoezi kwa kubahatisha.

Kwa familia, swali la kujiuliza si mzazi ana miaka mingapi, bali ni kama mwaka huu ameacha jambo alilolimudu mwaka jana: kubeba ndoo ya maji, kupanda ngazi, au kwenda sokoni na kurudi kwa miguu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.