Sura ya Nne: Theluji ya Vuli

Mtoni, Dar es Salaam, mwezi Novemba, usingizi haupatikani bila feni. Vuli imeingia, mto Kizinga umegeuka tope, mbu wamechachamaa. Siku hizohizo, juu ya Kilimanjaro, mvua ya vuli inaanguka ikiwa theluji.

Chanzo ni kimoja, Bahari ya Hindi. Hewa yenye mvuke ikigonga mlima hulazimika kupanda, na ikipanda hupoa: kila mita 1,000 huondoa nyuzi sita hivi za joto. Maji mengi huishia msituni, kwenye miteremko ya kusini. Kilele cha Kibo hubakiwa na milimita 200 hivi kwa mwaka mzima, kiasi ambacho Dar es Salaam huweza kukipata Aprili peke yake.

Wageni wengi hukosea hapo. Hufunga safari Julai kwa kuwa ni miongoni mwa miezi yetu ya baridi, wakitumaini kukanyaga theluji njia nzima, wakakuta vumbi. Baridi ipo, tena kali, ila mawingu hayapo. Ulaya theluji ya kwanza ni tangazo la njaa: jua limepungua kwa miezi, nyasi zinafunikwa, ndege wanahama, wanyama wengine wanalala hadi majira yageuke. Kwetu, nyuzi tatu kusini mwa ikweta, jua halitutupi hivyo. Theluji ya vuli huja na maji baada ya kiangazi kirefu. Ikianguka usiku kwenye nyasi za uwanda wa Shira, kiasi cha mita 3,800 juu ya bahari, mara nyingi saa nne asubuhi imeshayeyuka.

Shida ya huko ni usiku wenyewe, uwe wa Januari au wa Agosti. Hewa ni nyepesi, haishiki joto; anga likiwa wazi, ardhi hupoteza joto lote la mchana, na kabla ya alfajiri maji yameganda. Inama asubuhi uangalie udongo mtupu ulio kati ya mafungu ya nyasi. Umeinuka. Chini yake zimesimama sindano za barafu, zimesongamana, zimebeba chembe za udongo na vijiwe vichwani. Maji yamenyonywa kutoka chini na kuganda yakielekea juu. Ukikanyaga, panalia. Jua likipiga, sindano huanguka na udongo hurudi chini ukiwa umechangukachanguka. Mche mchanga utashikaje mizizi kwenye shamba linalolimwa kila usiku? Ndiyo maana vipara hivyo hubaki vipara.

Mimea mikubwa imepata njia zake. Seneshio haidondoshi majani yake makavu. Huyaacha yakalizunguka shina, na usiku yale mabichi hujikunja kufunika kichipukizi. Lobelia huweka maji katikati ya majani yake. Uso wa maji huganda, na barafu hiyo hukinga yaliyo chini yasigande, kwa hiyo kichipukizi kilichozama humo hakishuki chini ya sifuri. Watu hupanda mlima kwa ajili ya kilele. Kwangu, ufundi huu wa lobelia unatosha safari.

Wanyama nao huishi kwa saa za jua. Panya wa milia minne, tofauti na hawa wetu wa Mtoni wanaotamba usiku, hutoka mchana, na kambini Horombo, mita 3,720, huokota makombo miguuni pa wapagazi bila haya. Chozi wa milimani, mwenye kijani cha kung'aa, hufyonza maua ya lobelia na kudaka vijidudu. Pofu hupanda hadi Shira, na hata kwenye uwanda mkavu ulio kati ya Kibo na Mawenzi.

Waliokwenda juu zaidi wameacha fumbo. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch alikuta mzoga wa chui umeganda karibu na ukingo wa kreta. Ernest Hemingway akautia kwenye hadithi yake ya 1936, ukavuma duniani. Mwaka 1962 Wilfred Thesiger aliona mbwa mwitu watano kwenye theluji, karibu na kilele. Huko hakuna mawindo ya maana. Sababu zilizotolewa ni nyingi, na sijaona hata moja ya kuniridhisha.

Ninachokihofia mimi kwa viumbe wa nyasi hizi ni vuli kuchelewa, wala si theluji. Vichaka vikikauka hadi Oktoba, cheche moja inatosha. Oktoba 2020 moto uliwaka siku kadhaa ukateketeza zaidi ya kilomita za mraba 90, mamia ya watu wakipanda kusaidia kuuzima. Panya ana shimo la kujificha. Seneshio haina pa kukimbilia, na yale majani makavu yanayoiokoa na baridi ni kuni tupu moto ukifika.