Baba mdogo alipochukua kiti cha mfalme



Mwanafunzi mmoja anayesoma habari za Waviking shuleni kwake aliniuliza: "Mwalimu, Mfalme Alfred aliwanyang'anya watoto wa kaka yake?" Swali zuri. Tuliangalie.

Zamani hizo Uingereza haikuwa nchi moja. Wessex, kusini, ulikuwa ufalme mmojawapo. Mfalme Æthelwulf alipofariki mwaka 858, wanawe wanne walitawala mmoja baada ya mwingine: Æthelbald, Æthelberht, Æthelred, na mwisho Alfred.

Hapakuwa na sheria kwamba kiti lazima kiende kwa mtoto wa kwanza. Alitakiwa mtu wa ukoo wa kifalme, anayeweza kuongoza vita, na anayekubaliwa na wakubwa wa nchi.

Mwaka 865 jeshi kubwa la Waviking liliingia. Northumbria ikaanguka, kisha East Anglia. Mwaka 871 wakaigeukia Wessex. Æthelred na Alfred walipigana nao bega kwa bega, lakini baada ya Pasaka Æthelred akafa. Aliacha wana wawili, wadogo bado. Adui yuko mlangoni; mtoto ataongozaje jeshi? Alfred, kijana wa miaka ishirini na kitu, akapewa kiti. Mwaka 878 aliwashinda Waviking pale Edington.

Kabla ya hapo, ndugu hao wawili walikuwa wameshapatana kuhusu mali: mmoja akifa, watoto wake wapewe ardhi yao. Tunajua kwa sababu wasia wa Alfred upo hadi leo.

Lakini Alfred alipofariki mwaka 899, kiti kilikwenda kwa mwanawe, Edward. Æthelwold, mtoto wa Æthelred, sasa mtu mzima, alikataa. Aliuteka mji wa Wimborne, alikozikwa baba yake, kisha akakimbilia kwa Waviking wale wale, nao wakampokea kama mfalme. Miaka michache baadaye aliuawa vitani.

Je, Alfred aliwanyang'anya? Kwa mwaka 871, mimi nasema hapana. Kwa mwaka 899, jibu ni gumu zaidi. Wodini ninakofanya kazi nimeona ndugu wakigombana kando ya kitanda kwa jambo ambalo halikusemwa mapema. Mali ilizungumzwa, kiti cha kesho hakikumalizwa.

Kazi ya nyumbani: Waulize wazazi, nani baba mkubwa wako, nani baba mdogo, nani mjomba? Kiingereza kinawaita wote kwa neno moja. Sisi tunayo matatu. Njoo nayo Jumamosi.