Kuipima Sauti ya Msifu: Vyanzo vya Mtandaoni Kuhusu Kampuni za Faragha

Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii inaafiki barabara hali ya kampuni zinazouza faragha mtandaoni, hususan zile zitoazo huduma ya VPN, yaani programu inayoyafumba mawasiliano ya mtumiaji na kuyapitisha kwenye seva ya kampuni ili tovuti anazozizuru zisitambue aliko. Mtumiaji huyo hana njia ya kuingia katika seva hiyo ajionee iwapo kumbukumbu zake zinahifadhiwa. Hutegemea maneno tu. Maneno ya nani, basi?

Mwaka 2021 ulitoa kielelezo bora. Kape Technologies, iliyoitwa Crossrider hadi mwaka 2018, tayari ilimiliki CyberGhost, ZenMate na Private Internet Access. Mwezi Machi ikainunua Webselenese, mmiliki wa vpnMentor na WizCase, tovuti zinazozihakiki huduma za VPN na kuzipanga kwa ubora, kwa dola milioni 149. Septemba ikatangaza kuinunua ExpressVPN kwa dola milioni 936. Mhakiki na mhakikiwa wakawa wa nyumba moja! Si haki kudai kwamba jambo hilo lilifichwa. Kape, ambayo hisa zake ziliuzwa London hadi mwaka 2023, iliwatangazia wawekezaji, na vpnMentor ikaweka ilani ya umiliki. Ila msomaji mwenye haraka huikimbilia orodha ya washindi, ilani akaiacha. Aidha, tovuti nyingi za aina hii zisizo na uhusiano wa umiliki hupokea kamisheni kwa kila mteja wanayempeleka.

Kauli yenye uzito zaidi ni ile ambayo msemaji wake huadhibiwa akisema uongo. Mwaka 2017, hati ya kiapo ya afisa wa FBI iliyowasilishwa katika mahakama ya Massachusetts, Marekani, ilionyesha kuwa rekodi za PureVPN zilisaidia kumhusisha mshukiwa na anwani za mtandao za nyumbani na kazini kwake. Kampuni hiyo ilikuwa ikijinadi kuwa haihifadhi kumbukumbu. Hapa mwanafunzi wa semantiki yuko nyumbani: neno "kumbukumbu" lina utata. Kuna kumbukumbu za shughuli, yaani tovuti zilizozuriwa, na kuna kumbukumbu za miunganisho, yaani mteja aliingia lini na kutoka anwani gani. Tangazo linaweza kukana za kwanza kwa sauti kuu huku za pili zikiwekwa kimya kimya, na hizo za pili ndizo zilizotosha.

Kinyume chake, katika kesi ya Florida ya mwaka 2016, FBI iliidai Private Internet Access rekodi ikaambulia maelezo ya jumla yasiyomtambulisha mteja. Ushahidi huo hunukuliwa mara kwa mara, na ni wa kweli. Hata hivyo, Kape iliinunua kampuni hiyo mwaka 2019. Anayeunukuu bila kutaja tarehe anamsifia mmiliki wa sasa kwa kazi ya mmiliki aliyeondoka.