Dafu, Ndizi na Mgonjwa wa Figo

Huenda kijijini kwenu yupo mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Anaishi kwa mashine ya kusafisha damu iliyoko hospitali. Kwa kawaida husafishwa mara tatu kwa wiki, kila mara muda wa saa nne hivi. Damu yake hupita katika mipira, husafishwa, kisha hurudishwa mwilini.

Jamaa wanapokwenda kumwangalia hawaendi mikono mitupu. Humpelekea madafu, ndizi na machungwa. Wengine husema dafu huosha figo. Kwa mtu huyu si kweli. Dafu linaweza kumwua.

Sababu yake ni hii. Ndani ya vyakula mna madini. Moja ya madini hayo huitwa potasiamu. Moyo huihitaji ili upige sawasawa. Mtu mwenye afya akila potasiamu nyingi, figo huitoa kwa mkojo. Mgonjwa wetu hana njia hiyo. Potasiamu hubaki katika damu ikingoja siku ya mashine. Ikizidi sana, moyo hupiga ovyo, halafu husimama. Mara nyingi mgonjwa haoni dalili yoyote kabla.

Figo nzima hufanya kazi usiku na mchana. Mashine hufanya kazi saa 12 tu kwa wiki. Fikirini juu ya mtu anayesafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hana mashine. Uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 32,000 wa Marekani, uliotangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba vifo huongezeka siku inayofuata mapumziko hayo marefu. Na hapa kwetu wako wanaosafishwa mara mbili tu, kwa sababu ya gharama au umbali. Hao inawapasa kuangalia zaidi kinachoingia katika sufuria.

Potasiamu imo kwa wingi katika ndizi, viazi, mihogo, maharage, mchicha, maboga, nyanya, machungwa, maparachichi na madafu. Hatusemi vyote asivionje kabisa. Menyeni viazi au ndizi, mkate vipande vidogo, mchemshe kwa maji mengi. Mwageni maji hayo, kisha mtie maji mengine na kupika. Maji ya kwanza yameondoka na sehemu kubwa ya potasiamu. Kwa hiyo mchuzi wake asipewe. Wali, ugali wa sembe na kabichi vina potasiamu kidogo. (Siku zote tunawahimiza mle dona. Mgonjwa huyu tunamruhusu sembe.) Vijiji vingine hulainisha mboga kwa maji ya majivu. Maji hayo yamejaa potasiamu. Yasitiwe katika chakula chake.

Madini ya pili ni fosforasi. Hii haiui kwa siku moja. Imo katika maziwa, maharage, karanga, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na soda nyeusi. Ikizidi, mgonjwa hujikuna usiku kucha. Mwili huvuta chokaa kutoka katika mifupa, na mifupa huwa dhaifu. Chokaa huganda katika kuta za mishipa ya damu, kama inavyoganda ndani ya birika la zamani. Mishipa hukakamaa na moyo huchoka.

Mashine haiwezi kuondoa fosforasi yote. Ndiyo maana daktari hutoa vidonge vya kuinasa tumboni ili itoke na choo. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula. Akivimeza tumbo likiwa tupu, hakuna cha kunasa.

Lakini msimnyime chakula. Anahitaji nyama, samaki au mayai ya kujenga mwili, kwa kipimo alichopewa hospitali. Potasiamu nayo ikipungua mno hudhuru moyo.

Mgonjwa anapopimwa damu, ulizeni namba ya potasiamu. Kwa mtu mwenye afya huwa kati ya 3.5 na 5. Anayejua kuandika nyumbani aiandike katika daftari, pamoja na vyakula alivyokula mgonjwa wiki hiyo. Daktari atafurahi kuliona daftari hilo.

Viungo vikilegea ghafla, au moyo ukipiga polepole au kurukaruka, msingoje siku ya mashine. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Jambo la kwanza kumwambia mganga ni kwamba mtu huyu husafishwa damu.